Pumzi ya Bibi Juu ya Fundo

Ndoana ilinichoma kidole nilipokuwa nakunja leso za marehemu bibi yangu. Ilikuwa ndogo, ya kuweza kulala juu ya ukucha, imejificha kwenye pindo, na bado ilikuwa na kipande cha uzi mwekundu. Nikainusa. Harufu ya nta na vanishi ikanipanda puani, nikakaa kitako sakafuni palepale. Mke wa ami yangu, aliyekuwa akitenga nguo za kutoa sadaka, akauliza nimeona nini. Nikamwonyesha. Akasema, "Itupe mwanangu. Ya nini kuweka mambo yale?"

Sikuitupa. Nimechoka na hayo "mambo yale". Nimeyasikia tangu nikiwa na meno ya utotoni, na kila anayeyasema hushusha sauti, utadhani bibi yangu alikuwa akichinja watu. Bibi yangu alikuwa akifunga nzi. Leo nalisema kwa sauti yangu kamili, na asiyependa kulisikia anajua mlango uliko.

Nzi wenyewe si wa kuruka. Ni chambo cha kuvulia trauti, samaki wa maji baridi, ambaye huko kwao havuliwi kwa mnyoo wala dagaa bali kwa kidude cha manyoya na uzi kinachofungwa juu ya ndoana mpaka kifanane na mdudu. Wako nzi wanaoelea na wako wanaozama. Bibi alifunga wale wanaozama, wa zamani, wa kutoka Ayalandi. Alizaliwa Nyeri, Kenya, baba yake akiwa na duka, na nyuma ya duka mama mmoja wa Kiayalandi alikuwa na karakana ya wasichana waliofunga chambo cha mito ya mlimani. Bibi aliingia pale akiwa kigoli, akatoka fundi. Wazee wetu waliporudi Oman kila mtu alibeba alichokiona cha thamani. Wako waliobeba masanduku ya njumu, wako waliobeba mbuzi za kukunia nazi. Yeye alibeba jiriwa.

Jiriwa ile ilikuwa ya chuma, ndogo kama ngumi ya mtoto, ikibanwa kwenye ukingo wa meza chumbani kwake katika mji wa Ibra, karibu na dirisha la uani. Mdomo wake uliishika ndoana, na Bibi akaanza. Uzi wa hariri aliuvuta juu ya bonge la nta mpaka ukanata vidoleni. Akauviringisha. Kisha manyoya ya sili, mnyama wa bahari za baridi, yaliyotiwa rangi, aliyotumiwa kwa posta na binti wa yule mama, mwenye duka la vifaa vya uvuvi kwao Ayalandi, ambako nzi wa Bibi walikwenda kuuzwa. Aliyasokota kwenye uzi kwa gumba na kidole cha shahada. Juu yake alizungusha zari ya fedha, hii hii wanayotarizia miguu ya suruwali za wanawake wa hapa. Halafu unyoya wa shingo ya jogoo kutoka nyuma mpaka mbele, na vidole vikilambwa ili viulaze. Mwisho fundo, tone la vanishi kwa ncha ya sindano, na pumzi moja ndefu ili ikauke. Nilikuwa nikikaa chini ya meza ile nikihesabu nywele za sili zilizoniangukia magotini, na hakuna mahali duniani palipokuwa salama kuliko pale.

Nzi waliitwa kwa majina yao ya huko, ila Bibi aliyanyoosha yaingie mdomoni. Kulikuwa na Pita Kijani, ambaye kwa muda mrefu nilimsikitikia nikidhani ni mtu aliyeugua. Lakini niliyempenda ni mmoja mweusi, mwenye mkanda mwekundu katikati na mstari wa fedha mwilini. Bahasha za kumtilia zilikuja kutoka Ayalandi zimeandikwa jina tayari. Ndiyo kwanza nilikuwa nimefundishwa herufi za Kizungu shuleni, nikazisoma moja moja: b, i, b, i. Bibi! Halafu mwishoni duara. Nikafikiri, nikaelewa. Wazungu walikuwa mbali sana, na mtu akiwa mbali huita kwa kuvuta: Bibi oo!

Nikamwuliza kama nzi yule ameitwa kwa jina lake. Alicheka mpaka miwani ikashuka puani. "Hivyo ndivyo ulivyosoma?" akasema. "Basi ni wangu." Nimekuwa mtu mzima, nimeambiwa na wajuzi kwamba Bibio ni jina lao wenyewe na lilikuwepo kabla yake. Ahsanteni. Mimi bado nalisoma nilivyolisoma.

Sasa ngoja niwatajie vitu kama alivyoviona jirani. Manyoya mazuri hutoka shingoni mwa jogoo mweusi, kwa hiyo Bibi alikuwa amewaagiza wanawake wote wa mtaa: ukichinja jogoo mweusi, nyama yako, shingo yangu. Jogoo mweusi. Uzi mwekundu. Mate. Fundo. Pumzi juu ya fundo. Na mwanamke mwenyewe ametoka bara, siyo Unguja.

Jirani yetu wa ukuta mmoja, Bi Asya, alitoka Unguja mjini, na hakukuacha usahau. Kwake yeye dunia ilikuwa Unguja, kisha Oman, kisha huko kwingine watu wanakokula wasivyovijua. Lakini simsemi vibaya kuliko alivyokuwa. Alitusomesha Kurani watoto wa mtaa barazani kwake baada ya alasiri, bila kutaka hata shukrani, na alikuwa na sauti ya kusoma iliyomfanya hata mpita njia asimame. Tulimpenda na tulimwogopa kwa kiasi kilekile.

Siku tuliyofika Suratul Falaq alitufasiria kwa Kiswahili, kwani ndiyo lugha tuliyoogopea vizuri zaidi. Tunamwomba Mola atukinge na shari ya wanaopulizia mafundoni. "Wachawi hao," akasema. "Wanafunga uzi, wanapuliza, weye huku unaumwa na hujui una nini." Hakuangalia upande wa kwetu, wala hakuwa na sababu, alikuwa hajawahi kuingia chumbani kwa Bibi. Mimi ndiye niliyekuwa nikiingia kila siku. Nilitazama msahafu wangu mpaka maandishi yakachezacheza. Bibi yangu alikuwa ndani ya Kurani, kwenye orodha ya mambo ya kukimbiwa.

Kuanzia hapo nikawa na kazi. Kila alasiri nilijificha nyuma ya tangi la maji uani, nikaelekea dirisha lake, nikasoma sura ile kwa kunong'ona. Sikujua namsomea ili apone au ili sisi tupone. Nilikuwa na umri wa miaka saba, na nilikuwa peke yangu na habari ile.

Kuwa peke yangu hakukudumu. Salim, mtoto wa mwisho wa Bi Asya, alikanyaga kitu uchochoroni, kikamwingia unyayoni. Hospitali wakakitoa, wakamchoma sindano, lakini mguu ukavimba na homa ikampanda. Mama yake akamsomea maji, akamnywesha, na baada ya siku chache mtoto akainuka. Kwa hiyo aliyemponya alijulikana. Ikabaki kumjua aliyemtia ugonjwa, na Bi Asya alikuwa naye kwenye karatasi ya shashi, mkononi, alipobisha mlango wetu.

"Bi Zuwena, hichi kitu chako?"

Bibi akavaa miwani. Alikuwa yule mweusi mwenye mkanda mwekundu, ametapakaa damu kavu. "Changu," akasema. "Kitakuwa kimening'inia kwenye leso yangu nikitoka. Salim yuko vipi?"

"Kina fundo."

"Pasipo fundo kingefumuka."

"Na nini tena? Zari, manyoya meusi, wekundu katikati. Nnakuuliza kwa Mwenyezi Mungu, haadha mu, nini hichi? Umemfungia nani?"

"Nimemfungia samaki, Asya. Samaki wa Ayalandi."

"Samaki!" Bi Asya alicheka kwa machungu. "Watu wanavua Sur hapo, wanajaza magari, sijamuona hata mmoja anavua kwa unyoya wa kuku. Watu wa bara nyie mna mambo. Lisemwalo lipo, kama halipo laja."

"Likija tulipikie chai."

Hapo Bi Asya akaanza kulia. Nilikuwa nyuma ya mlango na nilimwona. Alisema mtoto alikuwa akiweweseka, akimwita marehemu baba yake, na yeye alikuwa amekaa pembeni yake akiona anaondoka hivi hivi. Bibi akavua miwani. Akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo: "Kwa ndoana nakuomba radhi, mbele ya Mungu na mbele yako. Nimekosa, nilipaswa kukagua leso yangu. Nitakuja kumwangalia mtoto nikiruhusiwa. Lakini kwa fundo siombi radhi. Fundo langu halina mtu ndani."

Hakuruhusiwa. Kuna ada kwetu ya kunywa kahawa ya asubuhi kwa zamu, leo nyumba hii, kesho ile. Zamu ya Bibi ilipofika alipanga tende, akapanga vikombe, akajaza birika la kahawa yenye iliki, akakaa. Hakuja mtu. Tulikaa mimi na yeye tukimsikiliza Bi Asya ng'ambo ya ukuta akiwapokea wageni, ilhali siku ile haikuwa zamu yake. Bibi akasukuma sahani mbele yangu, akasema, "Haya, mimi na wewe ndio mtaa." Tukazila tende zote. Nikaumwa na tumbo, na hata hilo likasemwa.

Baba yangu alikuwa akifanya kazi Sur, akirudi Jumatano jioni kwa mapumziko ya mwisho wa wiki, ambayo enzi zile yalikuwa Alhamisi na Ijumaa. Yaliyosemwa yalimfikia kabla hajazima gari. Alikuwa mtu mpole, na wapole wakibanwa huwabana walio wapole kwao.

"Mama, yaishe," akasema. "Watu wametupokea hapa kwa heshima. Mimi naswali na waume zao."

"Na mimi siswali?"

"Sijasema hivyo, Mama. Nakuomba tu. Kitu chenyewe hakina faida kubwa, na macho yako yamechoka. Nikirudi Jumatano ijayo nisiikute hiyo jiriwa hapo mezani."

 "Hutaikuta mezani, Nassor," Bibi akasema. Baba akambusu kichwa, akashukuru. Mimi nikafurahi, na hapohapo nikahuzunika, kwa sababu nilijua nilitaka kitu kile kiondoke na nilijua nitakosa mahali pa kukaa.

Siku moja alasiri nilikuwa nyuma ya tangi, nimefika katikati ya sura, sauti yake ikatoka dirishani. "Unaimeza herufi hapo. Anza upya."

Nikajibana nyuma ya tangi.

"Nimekuona tangu siku ya kwanza. Njoo."

Nikaenda mpaka mlangoni, sikuvuka. Akaniuliza, "Unanisomea mimi?" Nikamwambia ndiyo. "Vizuri. Hakuna ubaya mtu kusomewa. Mimi mwenyewe hujisomea kila ninapolala." Akaendelea kusokota uzi. "Sasa uliza unachotaka kuuliza."

Nikamwuliza kama yeye ndiye yule anayepulizia mafundoni.

Hakukasirika. Ningependa angekasirika, ningejua la kufanya. Alisema, "Wewe ukipuliza uji, ni mchawi?"

"Uji hauna fundo."

Akacheka kidogo. "Kweli hauna. Sikiliza. Aya ni ya Mungu, siyo ya Bi Asya. Mungu anaijua shari iko wapi. Iko ndani ya mtu, haiko kwenye uzi. Mimi nakwambia ndani yangu haimo. Lakini mimi kukwambia hakutoshi, nakuona usoni. Jumatano tutakwenda sokoni. Utanisomea huko, kwa sauti, mbele ya watu, na mimi nitafunga. Tuone kitakachotokea."

Nitasema mapema, ili anayependa hadithi zenye kupatana mwisho asiningojee: Bi Asya hakunywa tena kahawa kwetu. Mama yangu alinihamisha kwa mwalimu mwingine. Baba alipotambua kwamba alitiiwa neno kwa neno, jiriwa haikuwa mezani ilikuwa sokoni, alikula wikendi nzima bila kumtazama mama yake. Wako waliotuamkia na wako waliogeuza uso mpaka wakafa. Kama mtu alitaka mtaa umpigie makofi, alikosea mtaa.

Ibra ina soko la wanawake kila Jumatano. Mwanamume haingii. Wauzaji wanawake, wanunuzi wanawake, na maneno yanayopita pale siku moja yanatosha mji kwa mwezi. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo nilikwenda, nimebeba kikapu cha manyoya kama mtu anayebeba yai lililopasuka. Bibi akaenda moja kwa moja kwa mama wa Kibedui aliyekuwa akituuzia zari, mzee aliyevaa burka yake ya rangi ya buluu iliyokolea, asiyejua neno la Kiswahili. Akamwomba nafasi pembeni yake. Akageuza kreti, akaibana jiriwa, akatia ndoana.

Yule mama akainama kutazama. Akauliza kwa Kiarabu, "Hii nini?"

"Dhubab," Bibi akajibu. Nzi.

Yule mama akawatazama nzi halisi waliokuwa juu ya tende za jirani yake, akamtazama Bibi. "Mungu anatupa hawa bure," akasema, "na wewe unaumba wengine?" Wanawake waliokuwa karibu wakaangua kicheko, wakasogea, na waliosogea wakawavuta wengine. Hapo ndipo nilipomwona Bi Asya, amesimama na mfuko wa ubani mkononi, hacheki.

Bibi naye alimwona. Akasema kwa Kiarabu kwanza, kisha kwa Kiswahili, ili asibaki wa kusingizia lugha: "Inasemwa mtaani kwamba napulizia mafundoni. Ni kweli. Nafunga na napuliza, kazi yangu inataka hivyo. Huyu mjukuu wangu amejifunza sura, ataisoma. Mimi nitafunga anaposoma. Kama nina shari, aya itaniunguza hapahapa, nanyi mtaokota majivu."

"Usimchezee Mungu, Bi Zuwena," Bi Asya akasema.

"Simchezei. Namwita shahidi." Akanigeukia. "Soma, mama. Usimeze herufi."

Nikasimama. Nikapiga bismillahi. Sauti yangu ilitoka nyembamba, lakini Bi Asya mwenyewe ndiye aliyenifundisha, na alifundisha vizuri. Mdomo ulijua njia. Bibi akafunga. Weusi. Wekundu. Weusi. Zari ikazunguka ikimeta juani. Akalamba vidole akaulaza unyoya, na nikasikia mtu nyuma yangu akivuta pumzi. Nikamaliza sura, akanyoosha kidole: tena. Nikarudia, na tena nikarudia, na kila nilipofika kwenye ile aya ya mafundo nilimtazama usoni kuona kama kitu kinabadilika. Hakuna kilichobadilika. Jasho lilimshuka kwenye shavu. Ulimi wake ulikuwa umetoka kidogo pembeni ya mdomo, kama siku zote alipolikaribia fundo la mwisho.

Akalifunga. Akachovya sindano kwenye vanishi, akatia tone. Ile harufu ikafika. 

Bi Asya akaninyooshea mkono. Hakuwa mkali. Alizungumza nami kama alivyozungumza na Salim. "Mwanangu, ushasoma, basi. Njoo kwangu huku. Usikae hapo anapopuliza. Njoo."

Mkono ule niliujua. Ndio ulionishika kidole na kukipitisha juu ya alifu ya kwanza. Nilijua pia kwamba nikienda, hakuna atakayenilaumu, nilikuwa mtoto. Bibi hakuniita. Hakunitazama hata. Alikuwa akilitazama lile tone, akisubiri litulie, na kifua chake kikapanda kuikusanya pumzi.

Nikamtangulia. Nikainama juu ya jiriwa mbele ya wanawake wote wa Ibra, nikapuliza fundo kwa nguvu zangu zote.

"Astaghfirullah," akasema Bi Asya, na mkono wake ukashuka.

Bibi akaitoa ile pumzi aliyoikusanya, taratibu, bila kuielekeza popote. Akanitazama juu ya miwani.

"Polepole, mama," akasema. "Unavuruga manyoya."